Majani ya Mashamba Matatu

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Mbinga, alirudi na ovaroli yake kwenye mfuko wa plastiki, akala, akalala. Alilala karibu miezi minne. Kuoga mpaka aambiwe, kanisani haendi, simu ikiita anaigeuza kifudifudi. Mimi nina mdomo, sikatai. Nilimpa vidonge vyake vya maneno asubuhi na jioni, kwamba wenzake walioachishwa naye sasa wanauza hata mitumba. Aligeukia ukutani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikiona ni uvivu tu.

Mwezi Machi akaamka kabla yangu, akachukua fyekeo, akaenda shamba.

Wamatengo, kabila la mume wangu, wanalima ngoro. Mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba mteremkoni. Mwanamke hufuata na jembe, akachimba katikati ya kila mraba, akayafukia kwa udongo ule na kupanda maharage. Mimi nimetokea Lipingo, nimekulia ziwani kwenye mihogo na dagaa. Ngoro nimejifunza ukubwani na mawifi bado wananicheka. Kwa hiyo nilichoona mimi ni mtu aliyepona. Alimaliza shamba la kwanza, akahamia la pili. Majirani walinipongeza. Nilimkaangia samaki, mbasa wa kutoka kwetu, nikawa naimba jikoni kama bibi harusi.

Siku ya sita alikuja mama mkwe. Nikamwamkia, nikampandisha mlimani kwa majivuno nimwonyeshe kazi ya mwanawe. Majani yalikuwa yamejaa mashamba mawili, yameanza la tatu, lile tulilolipumzisha. Hakusifu. Aliuliza yote yale nitayafukia lini. Nikacheka. Akanishika mkono mpaka ukaniuma.

"Mwanangu, mwanamume hupanga ya kumtosha mkewe wiki moja. Yakizidi yanakauka bure, na huyu anajua. Baba yake alipanga hivi mara moja tu, alipoambiwa hospitali kwamba haponi. Hakutaka nikiwa mjane niende kuwapigia magoti shemeji zangu wanipangie."

Mume wangu alikuwa upande wa chini, ameinama, anapanga. Nilishuka nikiogopa kwamba nikilitamka jambo lenyewe nitakuwa nimemsukuma. Niliogopa zaidi kunyamaza.

"Mume wangu, unataka kujiua?"

Alinyoosha mgongo taratibu. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nilitaka nimalize kwanza hili la tatu," alisema.

Sikulia. Nilipiga magoti nikaanza kuyavuta yale majani, nikayatawanya mraba baada ya mraba ili shamba lile lisiishe. Nilikuwa na hasira naye, na hasira kubwa zaidi na mdomo wangu wa miezi minne. Mama mkwe, na mgongo wake mbovu, akainama akatawanya upande wa pili. Mume wangu alisimama akitutazama tunavyoiharibu kazi yake. Kisha akaniletea fyekeo, akaniwekea mkononi, akakaa chini.

Mchana ule tulipanda bajaji kwenda hospitali, yeye katikati yetu, mimi nimeshika shati lake kwa nyuma. Daktari alitutazama wote watatu, tuna udongo mpaka magotini, akauliza mgonjwa ni nani. Nilifungua mdomo nijibu. Mume wangu akawahi kunyoosha mkono.