Sekunde Tisa Mezani kwa Fundi Viti

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2019, fundi wa viti vya magari mwenye umri wa miaka hamsini na miwili aliandika 10:41 kwenye kadi ya gari namba tano. Kadi hiyo imo katika faili la kamati ya mashindano hadi leo. Tarakimu zake nne zinasomeka vizuri, kwa wino wa bluu, bila kufutwa wala kurekebishwa. Zilitakiwa ziwe 10:42.

Wateja humwita Fundi Viti. Karakana yake ina cherehani mbili nzito, meza ndefu ya kukatia ngozi, na harufu ya gundi ambayo mkewe anasema imeshahamia kwenye mito ya kulalia. Ukutani vimepangwa viti sita vya magari ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, na humo ndimo wanamokaa mashabiki wa mbio za magari. Hakuna aliyewaalika. Dereva wa lori hukaa kile kinacholala nyuma, kwa ajili ya mgongo wake. Mwalimu wa hesabu hukaa kile ambacho bado kina mkanda, na wenzake humshauri aufunge kabla hajaanza kumtetea mtu wake.

Mtu wake ni Mhandisi. Wengine wote pale ni watu wa Radi. Madereva hao wawili wamegombea ubingwa misimu minne, na kwa mitatu ya mwisho hawajasalimiana. Radi alitokea gereji na huendesha kama anayefukuzwa. Dereva wa lori husema Mhandisi huendesha kama aliyebeba mayai ya jirani. Mwalimu humjibu kwamba mayai hayo hufika.

Fundi mwenyewe hakuwa na upande, au alijitahidi asiwe nao. Kwa miaka kumi na tisa alijitolea kutunza muda. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye meza ndogo kando ya barabara, kati ya kipande kimoja cha mbio na kingine, mbele yako saa kubwa, na kuandika dakika ambayo kila gari limeripoti. Kila gari lina dakika yake. Ukichelewa dakika moja, unaongezewa sekunde kumi. Ukiwahi dakika moja, unaongezewa dakika nzima, kwa kuwa aliyewahi amekimbiza gari kwenye barabara ya watu wote. Kwa hiyo magari hufika mapema na kusimama pembeni. Mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, hushuka na kadi mkononi, hutembea hadi mezani, husubiri dakika yake igeuke, ndipo huikabidhi. Kadi ikishaingia mkononi mwa mtunza muda, mambo yamekwisha. Kinachoandikwa ni kile ambacho saa inaonyesha.

Ndiyo maana watunza muda wana desturi moja isiyoandikwa popote: mikono hukaa chini ya meza. Ukinyoosha mkono kabla ya wakati, unamchanganya mwelekezi. Fundi ndiye aliyewafundisha hivyo karibu wote wanaokaa mezani leo. Aliwagonga vidole kwa rula, kwa utani, mpaka wakazoea.

Mwelekezi wa Radi alikuwa mdogo wa Fundi, kitinda mimba wa mama yao, ambaye Fundi alimzidi kwa miaka kumi na minne. Baba yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlipia shule na kumfundisha kuendesha gari. Kiti cha kushoto, cha mwelekezi, katika gari namba tano la Radi alikishona yeye. Alimpima mdogo wake mabega, kiuno na mapaja kwa utepe, akakata sponji kufuata mwili wake, akashona kwa uzi mwekundu ili ajue ni kazi ya nani.

Asubuhi ile Radi alikuwa anaongoza, na kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Fundi hakuwa amemwona mdogo wake kwa majuma matano. Alimwona akija kwa miguu, helmeti kichwani, vumbi hadi kwenye kope, akitabasamu. Akamnyooshea mkono wa salamu.

Mdogo wake hakuuona kama salamu. Aliona mkono wa mtunza muda, tena wa kaka yake, ambaye tangu utotoni hajawahi kumwambia wakati usio sahihi. Akaweka kadi humo. Dakika ya gari lao ilikuwa 10:42. Saa ilikuwa na 10:41 na sekunde hamsini na moja.

Fundi aliitazama kadi, akaitazama saa, na sekunde tisa zikapita wakiwa wamesimama hivyo. Kisha akaandika 10:41, dakika ambayo kadi iliingia mkononi mwake. Mstari wa mwisho Radi alivuka akiwa mbele kwa sekunde ishirini na mbili. Dakika ya adhabu ilipoongezwa, akawa nyuma kwa thelathini na nane, na Mhandisi akachukua ubingwa.

Kufikia Jumatatu mchana, viti vyote sita vilikuwa vimejaa. Dereva wa lori alikuwa na hakika kwamba saa ilikuwa nyuma. Alikuwa na binamu aliyekuwa pale na kutazama saa ya simu. Mwingine alisema waamuzi wamemchoka Radi tangu mwaka juzi, walipompa adhabu kwa kukata kona ambayo Mhandisi naye aliikata. Mwalimu alitaka waonyeshwe ushahidi. Aliambiwa afunge mkanda. Waliyasema hayo yote mbele ya Fundi, kama vile aliyekuwa mezani siku ile ni mtu mwingine. Mwisho dereva wa lori akamgeukia.

"Fundi, sisi ni watu wako. Tuambie tu, walikununua au ulimwonea wivu mdogo wako?"

Fundi alikuwa na sindano mdomoni. Hakuitoa.

Radi alikata rufaa. Kikao kilipangwa Alhamisi. Jumatano jioni mdogo wa Fundi alikuja karakanani baada ya mashabiki kuondoka, akakaa kwenye kiti cha mwalimu bila kusalimu. Alisema Radi hataki makuu. Anataka Fundi aseme kwamba saa ilichelewa. Saa huchelewa, kila mtu anajua, hakuna atakayefungwa.

"Saa haikuchelewa," Fundi alisema. "Niliilinganisha asubuhi na nikatia sahihi. Lakini nitawaambia nilinyoosha mkono. Hilo ni kweli, na ni kosa langu."

"Usithubutu, kaka."

"Kwa nini? Watakuonea huruma."

"Huruma ya nini? Nilimwambia Radi saa ya kwenye gari ilishageuka. Ukisema mkono, atajua sikuitazama. Mwelekezi asiyetazama saa yake ni abiria. Nani atanipa gari tena?"

Fundi alimuuliza kama kweli hakuitazama.

"Nilikutazama wewe," mdogo wake akasema.

Mdogo mtu alisema mara ya mwisho kwamba njia ni moja tu, saa ilichelewa. Kaka mtu akasema hawezi, kwa sababu magari mengine ishirini na mawili yalipita kwenye saa hiyohiyo, na kila mwenye gari angekuja na hesabu yake. Mdogo akainuka. Alipofika mlangoni alisema kumbe miaka yote hiyo alikuwa na kaka wa watu wengine.

Kikao cha Alhamisi kilichukua dakika kumi na tano. Waamuzi watatu walikaa nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Walimuuliza Fundi kuhusu saa: ililinganishwa lini, na nani, betri ilikuwa mpya au kuukuu. Alijibu yote. Radi alikuwa amekaa mstari wa mbele na mwelekezi wake pembeni. Mwamuzi mkuu akamuuliza Fundi kama ana jambo lingine la kuongeza kuhusu jinsi kadi ilivyopokelewa.

Fundi alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatazama chini.

"Sina," alisema.

Rufaa ikatupwa. Kumbukumbu za kikao zina kurasa mbili, na hakuna mahali panapotajwa mkono.

Kunyamaza kwake hakukumsaidia mdogo wake. Wiki mbili baadaye Radi alimwacha, akisema hawezi kukaa gari moja na mtu ambaye kaka yake amemnyang'anya ubingwa. Mdogo sasa anauza matairi kwenye duka la watu, upande wa pili wa mji. Jumapili wote wawili huenda kwa mama yao, mmoja mchana, mwingine jioni. Mama huosha sahani ileile katikati. Aliwahi kumuuliza Fundi mara moja tu walikosana nini, akajibiwa ni mambo ya magari, akasema basi kwa umri wake mambo ya magari yamemzidi.

Kamati ilimwandikia Fundi barua ya kumsifu kwa uadilifu. Mkewe alitaka kuitia kwenye fremu. Fundi akaikunja na kuitumia kama kiolezo cha kukatia mfuniko wa sehemu ya kuegemeza kichwa, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa ngumu.

Mashabiki bado wanakuja. Mwalimu amefikia hesabu ambayo kwake inathibitisha kwamba Mhandisi angeshinda hata bila adhabu, na hakuna anayemsikiliza hadi mwisho. Dereva wa lori bado anaamini saa ilikuwa nyuma. Siku hizi hambishii Fundi tena. Anaongea naye kwa adabu ambayo hapo awali hakuwa nayo, na hiyo ndiyo Fundi anasema inamuuma.

Jumatatu iliyopita Radi alimletea kazi. Alituma ujumbe kwanza, kwa kuwa katika mji mzima hakuna mwingine anayeiweza. Ni kiti cha kushoto cha gari namba tano. Mwelekezi mpya ni mpana mabegani na mfupi wa mapaja, na anataka sponji ibadilishwe yote. Fundi ameshafumua uzi mwekundu wa upande mmoja.

Kiti kinachukuliwa Ijumaa.