Mumiani Aenda Kuposa Mansfield

Mpwa wangu Shuaib ameua watu wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na mimi nafahamiana na madaktari wawili. Kawaua wote akiwa amekaa kitako, ndani ya apatimenti yake huku Richardson, Texas, kavaa saruni na soksi, hedifoni kichwani kama rubani wa helikopta. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nne. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita, watano kwa watano, kila mtu kwake na kompyuta yake, na yeye ndiye aliyekuwa kapteni. Alikuwako Patroba, muuguzi wa Kikenya, mtu mpole ambaye akishika bunduki ya kompyuta anatukana mpaka ukuta unaona haya. Alikuwako Déo, Mkongo, na wengine wawili ambao sikuwahi kuwaona zaidi ya sauti zao. Vitani Shuaib hakuitwa Shuaib. Aliitwa Mumiani, jina la wale wanyonya damu tuliokuwa tukitishiwa nao utotoni ili tulale mapema.

Usidhani ni mvivu. Huyu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, kazaliwa Mombasa mtaa wa Kuze, na akili ya kwao anayo, upande wetu. Alikuja Texas mwaka wa tisini na sita kusoma chuo, akamaliza, akapata kazi nzuri kwenye makampuni ya simu. Mwaka wa elfu mbili na moja makampuni yale yakaporomoka, likaanguka hili, likaangukia lile, na Shuaib akajikuta nyumbani miezi minane na kompyuta yenye nguvu na hana pa kuipeleka. Ndipo alipoingia vitani. Baadaye alipata kazi ya kutengeneza kompyuta za zahanati. Kazi ilirudi, lakini vita havikuisha.

Mimi ndiye niliyewapeleka Houston mara mbili kupambana na kikosi cha huko, kwa gari langu la kubebea abiria wa uwanja wa ndege. Saa nne njiani, kompyuta zimefungwa mablanketi kama wagonjwa, na wanaume watano nyuma wanajadili mlango upi wa kuingilia na nani arushe moshi. Nilidhani wanakwenda kuvunja benki. Tulipofika, wakaketi ukumbini kutoka asubuhi mpaka magharibi bila kuinuka. Patroba alijibana haja mpaka akawa anatembea kama bata. Nikamuuliza kwa nini asiende. Akasema, "Anko, nikiinuka watu wanne wanakufa."

Watu wa namna hii, wacha nikwambie, wana dharau. Kazini kwa Shuaib akina mama wa mapokezi walikuwa na mchezo wao wa vito, wanaucheza wakati wa chakula. Vito vya rangirangi vimejaa kwenye skrini, unabadilisha kimoja na jirani yake, vitatu vya rangi moja vikikutana vinapasuka, vingine vinashuka. Basi. Nilipomwuliza Shuaib kuhusu mchezo huo aliniangalia kama nimemwuliza habari za kusuka.

"Mjomba, ule si mchezo. Ule ni kuchambua mchele."

Sasa, huyo bingwa siku ya Idi kule Arlington akamwona Nawal. Nawal ni mfamasia, binti wa Kizanzibari wa Mansfield, mrefu, ana kicheko cha ghafla. Walizungumza dakika kumi kwenye foleni ya biriani. Wiki nzima iliyofuata kikosi kilishindwa mapambano yote, na kapteni akaja kwangu na mkate wa mofa alioununua mahali, kaushika kwa mikono miwili.

"Mjomba, nataka uniposee."

Alikuja kwa mtu mwenyewe. Mimi Ahmada niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliona hana la kuniongezea, lakini kwa mambo ya posa nina shahada ya juu. Nikapiga simu kwa mama wa msichana, Bi Hamdiya. Mumewe ni dereva wa lori kubwa, siku nyingi yuko njiani, na hata akiwapo mwenye neno ni bibi.

"Bwana Ahmada," akasema, "kijana nimemsikia, ana adabu, ana kazi. Mie nina swali moja tu. Hachezi magemu?"

"Magemu gani, Bi Hamdiya?"

"Haya ya kompyuta. Binti ya dada yangu yuko Katy, karibu na Houston, kaolewa na mtu wa magemu. Chakula, unamwita hasikii. Mtoto analia, hasikii. Nyumba ingeshika moto, angegutuka watu wa zimamoto wameshakunywa chai wakaondoka. Nawal simtoi kwa mtu wa namna hiyo. Hilo halina mjadala."

"Huyu? Huyu hata karata haijui!"

Na karata kweli haijui. Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa nusu, na nusu nyingine niliikohoa.

Tukaenda Jumamosi alasiri. Njia nzima, kutoka Richardson mpaka tunaiacha barabara ya 360, namfundisha. Ukiulizwa kazi, sema fundi wa kompyuta. Ukiulizwa unapenda nini, sema kusoma. Ukiulizwa unasoma nini, kohoa, mimi nitaingia.

Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Sambusa zikaja, katlesi zikaja, Nawal akaja akasalimia akakaa upande wa mama yake, na mimi nikawa nasimulia jinsi nilivyomwendesha balozi, ambaye kusema kweli alikuwa karani wa balozi. Ndipo Bi Hamdiya akasema, "Mwanangu Shuaib, wewe fundi. Hebu nitazamie kompyuta yangu, siku hizi inakwenda kama bibi harusi."

Kompyuta ilikuwa pembeni ya chumba cha kulia, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Shuaib akaifunua, akaitoa uchafu wote, kwa robo saa ikawa inaruka. Kijana angeinuka hapo tungekuwa tumeshaoa. Lakini fundi lazima ajaribu kazi yake, na alipotafuta kitu cha kujaribia akakuta mchezo wa vito. Akaubonyeza.

Mimi nilikuwa kwa balozi bado, sikuona. Nilichosikia ni Bi Hamdiya akisema, "Shuaib, chai." Kimya. "Shuaib, baba, chai inapoa." Kimya. Mara ya tatu kamwita kwa sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya barabara, na kijana yuko pale pale, mgongo umepinda, kipanya kinalia tik tik tik. Nawal akainamisha uso kwenye mtandio. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

Tukainuka sote tukaenda kusimama nyuma yake. Alikuwa amemaliza. Kompyuta ilimwomba jina, na vidole vyake, vilivyokwisha kuandika jina lile mara elfu baada ya kila ushindi, vikaandika kabla kichwa hakijaulizwa. Orodha ya mabingwa ikatokea. Wa pili mpaka wa kumi, kila mstari umeandikwa HAMDIYA. Na juu yao wote, wa kwanza, kwa herufi kubwa: MUMIANI.

"Mumiani," akasoma Bi Hamdiya polepole. "Mumiani yumo ndani ya kompyuta yangu?"

"Ni virusi," nikasema haraka. "Bi Hamdiya, kuna virusi vinazunguka sasa hivi Texas nzima..."

"Ni mimi, mama," akasema Shuaib. "Ni jina langu la mchezoni."

"Mchezo upi?"

"Wa vita."

Nilitamani sakafu ipasuke kama vile vito. Bi Hamdiya aliniangalia mimi kwanza, muda mrefu, halafu akamgeukia yeye.

"Nimekwita mara tatu."

"Sikusikia, mama."

"Najua hukusikia. Ndiyo habari yenyewe."

"Lakini mama, na wewe unacheza," akasema Nawal.

"Mimi?" Bi Hamdiya alishika kifua. "Huu si mchezo! Huu wangu ni wa kupumzisha akili."

Tuliagwa kwa heshima zote, na posa ikapewa ule mkono wa baridi: tutawajibu. Kila aliyewahi kuposa anajua maana yake.

Siku ya nne Bi Hamdiya akanipigia. Sauti ya mtu ambaye hakulala vizuri. "Bwana Ahmada, mwambie mpwao aje aniondolee lile jina. Nimejaribu kulipita tangu Jumamosi. Nikifungua kompyuta naliona, nikifunga naliona."

Nikafurahi. Kumbe mlango haujafungwa, na kufuta jina ni kazi ya sekunde mbili. Jumapili saa nne asubuhi nikaenda Richardson. Saa nne ya Jumapili ni saa ya mazoezi ya kikosi, nilijua nitamkuta, na kweli nilimkuta. Simu yake inaruka juu ya meza, Patroba anapiga, haipokewi. Hedifoni iko sakafuni. Na Mumiani, muuaji wa maelfu, kwenye ile skrini yake kubwa ya kivita, anachambua mchele.

"We bwana!" nikasema. "Si uliniambia huu si mchezo?"

"Si mchezo, mjomba." Hakuona haya hata kidogo. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akazungusha kiti akanikabili, na vito vikabaki vinamsubiri. "Angalia. Nimeacha. Hakuna aliyekufa."

"Ala."

"Kule vitani ni mpaka watu watano wapatikane wakati mmoja. Mmoja yuko zamu, mmoja mkewe kanuna. Mkianza, miguu inakufa ganzi huwezi kuinuka, na mtoto wa miaka kumi na mbili huko Minnesota anamtukana mama yako. Mimi narudi kutoka kazini nimechoka, mjomba, halafu nakwenda kwenye kazi ya pili. Huu sikuupangia ratiba. Hakuna anayenifokea. Na usidhani ni rahisi! Ukifuata vya juu unakwama, ukipasua vya chini vyote vinateremka na kujipanga vyenyewe. Kuna hesabu humu. Kaa ujaribu."

Nikakaa kumwonyesha. Sitataja matokeo. Kiti kile kina kasoro na mwanga wa dirisha ulinipiga machoni.

"Sasa twende Mansfield," nikasema nilipoinuka. "Ukamfutie mama wa watu jina, tumalize."

"Sitafuta."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Sekunde mbili, Shuaib! Sekunde mbili na mke unaye!"

"Mama yule ana mistari tisa, mjomba. Umeiona? Tisa, na kila mmoja uko juu ya uliofuata. Huyo ni mchezaji. Nikimfutia, kila akijiona wa kwanza atajua kuwa nilimhurumia. Wewe ungefurahi?"

Mimi ningefurahi sana, lakini sikuulizwa kwa kutaka jibu. Nikamwambia amepoteza binti kwa ajili ya vito vya uongo. Akavaa viatu.

Kule Mansfield alifunguliwa mlango na Bi Hamdiya mwenyewe, miwani kichwani. "Umekuja kunifutia?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukwambia unakosea wapi."

Mimi niliyekuwa nyuma yake nilishaanza kurudi kwenye gari. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bi Hamdiya anakosea wapi akabaki na meno. Lakini mwanamke yule alimtazama, akatazama kompyuta, na nikaona usoni mwake kitu nilichokiona Houston kwenye nyuso za wanaume watano wazima.

"Vua viatu," akasema.

Akakaa kwenye kiti yeye, Shuaib akavuta kigoda nyuma yake. Mchezo mmoja, miwili, mitatu. Sikiliza niliyoyaona, maana nimeona posa nyingi. Shuaib hakugusa kipanya hata mara moja. Mikono kaikunja mapajani, vidole vinacheza kama vya mtu mwenye homa, na anavishika. Anasema tu, "Chini, mama. Pole pole. Usikimbilie kile cha juu, hicho ni mtego." Mama akikosea anaruka yeye. Wakafika mpaka wa kuliona lile jina kwa karibu, wakaanguka, wakaanza upya.

"Na hivyo vita vyako?" akauliza Bi Hamdiya bila kugeuka.

"Nitacheza, mama, sikudanganyi. Lakini ukapteni nimempa Déo. Kapteni hawezi kuinuka. Mtu wa kawaida anaweza kuwaaga."

"Na ukiitwa?"

"Nikiitwa nitainuka. Nisipoinuka, chomoa waya."

"Nitauchomoa kweli," akasema Nawal, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko nilivyojua, koti la kazini mkononi. "Mama, mimi nimeshakubali tangu ile Jumamosi. Nilikuwa nawangojea nyinyi wawili mmalize."

Mchezo ulikuwa wa saba. Alama zinapanda, vito vinateremka kama mvua ya mawe, na Bi Hamdiya uso umegusa kioo. Nikaona huu ndio wakati wa mshenga. Nikanyoosha kanzu, nikaanza: "Bi Hamdiya, kwa niaba ya ukoo wetu wa..."

"Nyamaza, Bwana Ahmada! Njooni Jumapili ijayo, baba yake Nawal atakuwa amerudi. Shuaib, wapi sasa?"

"Kijani, mama. Pembeni, chini kabisa."

"Ina maana ni ndiyo?" akauliza Nawal.

"Ndiyo, ndiyo! Ondoka kwenye mwanga, mwanangu, tunapoteza!"