Mitupo Mitatu ya Geita

Kwenye mpira wa kikapu sikuwahi kuwa mchezaji wa kuanza. Miaka mitatu ya chuo pale Shinyanga nilikaa benchi mpaka bukta yangu ikapauka nyuma, na sitanii sana. Mwalimu wa timu aliniinua tukiwa tumezidiwa tu, dakika mbili tatu kabla ya filimbi ya mwisho, kwa sababu nilijua kitu kimoja: kurusha kutoka mbali, nyuma ya mstari wa pointi tatu. Kukimbia na mpira sikujua. Kuingia chini ya goli niliogopa.

Woga huo nilitoka nao nyumbani, Kharumwa. Baba alikuwa mchimbaji mdogo. Alinitengenezea goli kwa ringi ya pipa, akaligongelea kwenye nguzo iliyobaki kando ya shimo la zamani la dhahabu. Shimo lilikuwa limefunikwa kwa magogo yaliyoanza kuoza, na amri ilikuwa moja: magogo hayakanyagwi. Kwa hiyo nilirusha kutoka ng'ambo, na mpira ukiangukia pale nauvuta kwa mti mrefu. Upepo wa kiangazi wa kwetu hauna adabu, unavuma kutoka kushoto mchana kutwa. Baba akitoka kwenye karasha ya kusagia mawe, uso mweupe kwa vumbi, alisimama nyuma yangu akanielekeza nilenge kushoto kidogo, upepo wenyewe utaurudisha mpira. Nikalenga kushoto utoto wangu wote. Uwanja wa chuo nao ulikuwa wa wazi, upepo wake ukiukata vilevile kutoka kushoto, na kwa kuwa niliingia mwishoni tu, goli la kurushia lilikuwa lilelile kila mara. Nilidhani nina kipaji.

Mwaka wangu wa mwisho, kifua cha baba kikakataa. Daktari alisema ni lile vumbi la mawe, limejaa mapafuni, na halitoki. Baba hakuwahi kuniona nikicheza mechi. Aliniomba jambo moja tu, anione nikifunga hata mara moja, na mimi bila kufikiri nikamwahidi.

Mechi yetu ya mwisho ilikuwa Geita, kwenye ukumbi wenye paa na kuta. Sikuwahi kucheza ndani ya nyumba. Ningejua mapema kama ningerusha hata mpira mmoja kabla ya mechi, lakini kwetu wa akiba hawarushi wakati wa kupasha misuli. Kazi yao ni kuwaokotea mipira wanaoanza. Nikaokota. Baba alikuwa amekaa safu ya pili, amevaa koti la harusi yake kwenye joto lile. Nilimwamkia kwa mbali, akainua mkono.

Zikiwa zimebaki dakika tatu, mwalimu akaniita. Mpira wa kwanza ukapita kushoto, haukugusa hata chuma. Nikasema ni wasiwasi. Wa pili ukafuata njia ileile. Wenzangu bado waliniamini, wakanipa wa tatu, na mimi nikiwa nimeshajua kuna kosa bado niliulenga kushoto, maana mkono haukujua kwingine. Watu wakacheka. Mwalimu akanirudisha benchi, nikajifunika taulo kichwani.

Baba alinisubiri nje, ameshika ukuta, akihema. Sikuweza kumtazama. Nilingoja aseme bahati mbaya, kama watu wote. Akaniwekea mkono begani.

“Ng'wanawane,” alisema kwa upole, akiniita mwanawe kwa Kisukuma chetu, “mle ndani hakuna upepo.”

Tukaenda Kalangalala, palepale mjini, tukanywa chai, akapanda gari la kurudi Kharumwa. Nilichukia kila kitu siku hiyo: ukumbi, mwalimu, goli la pipa, na kwa muda mfupi ambao sijajisamehe, nilimchukia na yeye.

Alifariki kabla ya mvua. Mpira sikuugusa tena. Sasa nafundisha hesabu shule ya sekondari yenye uwanja mzuri wa kikapu, na wanafunzi wakiniomba nirushe nawaambia bega linauma.

Kwenye msiba wa baba wachimbaji wenzake walikuja na nguo zao za kazi, wakakaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Nilipita kuwaamkia mmoja mmoja. Mzee aliyefanya naye kazi kwenye karasha, naye akikohoa kama yeye, alinishika mkono hakuniachia.

“Baba yako alituhadithia ile ya Geita,” alisema. “Kila siku alituhadithia. Kwamba uliingia mwishoni, ukarusha tatu, na zote zikaingia.”

Wote walikuwa wananitazama. Wawili walikuwa wanatabasamu, msibani.

“Ndiyo, baba,” nikasema. “Zote tatu.”