Pole kwa Kabichi za Kwenye Kompyuta

Harufu ya mninga uliotoka kupigwa randa ndiyo iliyotuamsha kila siku nyumbani kwetu Gongoni, mjini Tabora. Karakana ya Baba ilikuwa barazani, chini ya dirisha la chumba tulicholala watoto. Mwezi wa sita, baridi inapobana na upepo mkavu unapopasua midomo ya watu, harufu ile iliingia ndani pamoja na vumbi na moshi wa majani yanayochomwa mashambani. Hadi leo nikipita mahali mafundi wanapopiga randa, moyo hunidunda. Wenzangu hudhani nakumbuka raha za utotoni, na kweli raha zilikuwepo, sitaki kuudhulumu utoto wangu. Lakini kinachonidundisha moyo ni mshtuko. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, na katika likizo hiyo shamba lisilokuwepo popote duniani, shamba la kwenye kompyuta, lilikufa lote kwa mpigo na kuitikisa nyumba yetu kweli kweli.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mjomba wetu. Alikwenda masomoni akatuachia, nzito kama tofali, betri imekufa, umeme ukikatika nayo inazimika hapo hapo. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kulima. Unapewa shamba lililojaa magugu pembeni mwa kijiji cha Wazungu, unang'oa visiki, unalima, unapanda, unamwagilia, unauza mazao, na siku nzima ya kule inakwisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Dada yangu Zuhura, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyeshika uongozi kwa sababu alisoma Kiingereza cha mle ndani. Mimi nilikuwa msaidizi wa kupiga kelele. Mtazamaji wetu mkuu alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyekaa kwenye mkeka nyuma yetu, kidevu juu ya fimbo. Mwanzoni alidhani ni sinema. Alipotambua kwamba yule bwana mwenye jembe anatii vidole vya Zuhura, alisogeza mkeka karibu na hakuutoa tena. Aliuliza maswali ambayo mpaka leo sijui majibu yake: mbona mtu mzima huyu hana mke, mbona anamwagilia na jana mvua ilinyesha, na nani anamfulia.

Bibi hakuwa mtu wa mjini. Alizaliwa na kuzeekea Itetemia, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya familia alikobaki Baba mkubwa, kaka yake Baba, akilima. Bibi alipoanguka akaumia nyonga, Baba alimleta hospitali, na alipotoka hospitali akamleta kwetu Gongoni bila kumwuliza kaka yake. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama yule, akazisikia habari hizo kwa watu. Alisema maneno, Baba naye akasema yake, wakanuniana. Halafu, baada ya mavuno, moto wa nyika ukaruka ukashika kihenge cha Baba mkubwa, na mahindi na karanga za mwaka mzima vikateketea.

Kwetu, mtu aliyepatwa na janga la namna hiyo haletewi salamu kwa mdomo wa mwingine. Unakwenda mwenyewe. Unakaa, unanyamaza naye, unampa pole, kikiwepo chakula unakula, unaondoka. Itetemia nzima ilikwenda, wengine na debe la mahindi, wengine mikono mitupu. Baba hakwenda. "Aje yeye kwanza amjulie hali mama yangu," alisema, kana kwamba mama yule alikuwa wake peke yake. Kila asubuhi Bibi alimwomba ampeleke kwa mwanawe, na kila asubuhi Baba alijibu kwamba ana kitanda cha harusi cha kumaliza. Kisha muuza maziwa akatuletea habari kwamba Baba mkubwa anafikiria kuhama kabisa, kwenda Igunga kwa wakwe zake kulima mpunga. Mama alimwambia Baba, mbele yetu, tena kwa sauti ambayo haikuwa yake: "Baba Zuhura, mtu akihama na kinyongo amekwisha kwenda. Mwahi kaka yako." Baba akapiga randa kwa nguvu zaidi.

Sasa turudi kwenye kabichi. Mle kwenye mchezo msimu ulikuwa unakwisha, na Zuhura akasoma kwamba kesho yanaanza majira ya baridi. Tulishangilia! Baridi tuliyoijua sisi ni ile iliyokuwa ikitupiga pale pale tulipokaa, baridi ya watu kushuka bustani za bondeni na ndoo zao, wakati kabichi zinafunga vichwa vigumu na wadudu hawaonekani. Kabichi ya mwezi wa sita ni kabichi ya kujivunia. Kwa hiyo tulinunua mbegu kwa kila tulichokuwa nacho, tukajaza kabichi na biringanya mpaka kwenye ua. Bibi alibariki kazi yote. "Msibakize hata kipande," alisema, "baridi hii itawatoa." Yule bwana wetu akamwagilia mche mmoja mmoja, akaingia ndani akalala.

Kulipokucha, kioo kilikuwa cheupe. Zuhura alikigonga ubavuni akidhani kompyuta imeharibika. Theluji mimi niliijua kwenye picha za Mlima Kilimanjaro tu, iko juu, mbali, imetulia mahali pake. Sikujua kwamba huwa inashuka kwenye mashamba ya watu! Kabichi zote zilikuwa zimekufa. Hazikunyauka moja baada ya nyingine kama ilivyo haki, zimekufa zote, kahawia, mstari kwa mstari, usiku mmoja. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika stesheni ya treni.

Baba aliingia mbio, nyundo mkononi, uso umempauka. Alidhani Bibi ameanguka tena. Zuhura alionyesha kioo kwa kidole. Baba akaweka nyundo chini, akachuchumaa, akatazama, na kwa kuwa alilelewa na jembe alielewa bila kuelezwa. Uso wake ulibadilika kabisa, nilimwona.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, Baba."

"Hata moja haikupona?"

"Hata moja."

"Loo! Poleni, wanangu. Poleni sana. Kupoteza shamba zima si jambo dogo." Akaniwekea mkono kichwani. Hakuwa anatutania. Alituonea huruma ya kweli, na mimi nikaanza kulia kwa raha ya kuonewa huruma.

"Ramadhani," Bibi aliita.

"Naam, Mama."

"Umeacha kazi ya watu, umekuja mbio kuwapa watoto pole kwa kabichi ambazo hakuna mtu angezila." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Na Athumani je?"

Athumani ni Baba mkubwa. Nilisahau kulia. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, unadondosha uji sakafuni na yeye haoni. Sikujua kwamba mzazi anaweza kukamatwa hivyo mchana kweupe mbele ya watoto wake. Baba aliokota nyundo. "Ijumaa," alisema. "Kitanda cha watu kikitoka tu. Ijumaa nakupeleka, Mama." Ilikuwa Jumatatu.

Siku zile za kungoja tulizitumia kuumaliza msimu wa theluji. Bibi alikuwa na mshtuko wake mwingine: kule kijijini kwenye kompyuta hakuna aliyekuja kutupa pole. Zuhura alimweleza kwamba watu wa mle wanapita wakisema theluji inapendeza, basi. "Mayo wane!" Bibi alishika kichwa, akimwita mama yake kwa Kinyamwezi. "Shamba la mtu limekufa, wao wanasifia baridi? Watu gani hawa?" Kisha akatoa amri: kama hawaji, tuende sisi. Kwetu wakati kama huu ni kiangazi, alisema, shamba limelala, ndio wakati wa kutembelea watu. Akatusimulia juu ya babu yake, mmoja wa waliobeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani. Safari zile ziliondoka kiangazi, na kabla ya kufunga mzigo yule mzee alizunguka kila nyumba aliyokosana nayo, kwa sababu wengi hawakurudi. Basi tukazunguka. Zuhura alikata kuni, alivua samaki kwenye maji yenye barafu, akachimbua mizizi chini ya theluji, na kila alichopata tulipeleka mlango fulani kama zawadi. Kumbe ndivyo msimu ule unavyotakiwa kutumiwa! Mpaka Alhamisi kijiji kizima kilikuwa kinatupenda. Nilijiona mtu mkubwa, hakuna mlango ambao sijaubishia hodi.

Ijumaa, baada ya sala, Baba alikodi bajaji. Tulipakia gunia la mahindi na sukari, Bibi kavaa kanga mpya, mimi nikabanwa katikati. Njia nzima ya kwenda Itetemia Bibi alijaribu maneno ya kuanza nayo, akayakataa, akajaribu mengine.

Nyumba haikuwa na paa. Sijui niliandikeje jambo hili ili anayesoma ashtuke nilivyoshtuka mimi. Kuta zilikuwepo, zimesimama vizuri kabisa, na juu yake palikuwa na mbingu. Mtu anayehama na hataki kurudi huondoka na bati zake, na Baba mkubwa aliondoka na bati, milango na fremu za madirisha. Uani palibaki duara jeusi la kihenge kilichoungua. Baba alisogea pale mlango ulipokuwa, akasimama wima kama mgeni mwenye adabu.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyejibu. Akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, "Hodi humu ndani!"

"Unambishia hodi nani, Ramadhani?" Bibi alimwuliza kutoka kwenye bajaji.

Mama mmoja jirani alikuja akijifunga kanga vizuri. Alimwamkia Bibi shikamoo, Bibi akasahau hata kuitikia. Jirani akasema wameondoka Jumatano, lori la kwenda Igunga liliwachukua asubuhi.

"Hakuaga?" Baba aliuliza.

"Aliaga nyumba zote, Baba. Tulimwambia apitie na mjini kwa mdogo wake. Akasema anaogopa kukukuta huna nafasi."

Baba alilia. Aliingia ndani ya kuta zile akalia pale sebuleni, juani, kwa sauti, na Bibi akalia kwenye bajaji. Mimi nilisimama katikati nisijue niende kwa nani. Niliichukia Jumatano. Nilikichukia kitanda cha harusi na wote watakaokilalia.

Wiki iliyofuata Baba alipanda basi kwenda Igunga, akanichukua mimi badala ya Bibi ambaye nyonga isingemruhusu. Nilitegemea ugomvi na nilishauogopa. Laiti wangegombana! Baba mkubwa alitoka nje anatabasamu, akaitikia shikamoo zetu, akasema karibuni sana. Tulikalishwa kwenye viti vizuri. Akaagiza soda dukani, zikaja kwenye sinia na bilauri, akazifungua mwenyewe mbele yetu. Huko Itetemia Baba alizoea kuingia kwa kaka yake kupitia jikoni, kufunua sufuria, na kutukanwa kwa ulafi. Aliitazama ile soda mpaka povu likaisha.

"Kaka, nimekuja kukupa pole," alisema.

"Ahsante, ndugu yangu," Baba mkubwa alimjibu kwa upole. "Tumeshapoa."

Mwanangu naye ana miaka kumi sasa, tunaishi Dodoma, na anacheza mchezo wa aina ile ile kwenye simu. Msimu wa mle ukikaribia kwisha, anafungua maelekezo ya waliomtangulia, hapandi kitu, anajua kila mwanakijiji anapenda zawadi gani na siku gani. Theluji yake inapita bila hasara na bila yowe. Nikimsimulia habari za kabichi zetu anacheka, anauliza kwa nini hatukutafuta kwanza. Pole siku hizi nazo zinafika haraka kuliko zamani, simu inajaa kabla hujamaliza kupangusa machozi, na mimi mwenyewe huzituma hivyo hivyo, nimekaa.

Kati ya Baba na Baba mkubwa hakuna ugomvi. Walimzika Bibi pamoja, hupigiana simu kila Idi, hawajawahi tena kupandishiana sauti. Mwaka huu nilikwenda Igunga na mwanangu kwenye harusi ya binamu. Baba mkubwa amezeeka, lakini alituona kwa mbali akaja kutupokea kwa haraka, akatukalisha kivulini kwenye viti vyenye mito, akamtuma mjukuu wake dukani. Soda zikaja mbili kwenye sinia, baridi kabisa. Nilishtuka jinsi jambo hili linavyoniuma bado. Mwanangu akainywa yake kwa furaha, akaninong'oneza kwamba kati ya ndugu zetu wote babu huyu ndiye anayetupenda zaidi, na mimi nikaitazama yangu mpaka povu likaisha.