Mwalimu Domitila ana wivu, na jirani yake anajua

Saa moja kasorobo asubuhi, Mwalimu Domitila Anatoli anapita katikati ya dagaa walioanikwa kwenye mwalo wa Ujiji, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, viatu mkononi, akitafuta wanafunzi wake. Leo hana fimbo. Mwaka jana angekuwa nayo.

"Mwakeye, Mwalimu," mama mmoja anamsalimia kwa Kiha.

Anaitikia, kisha anamwita Recho, mwanafunzi wake wa darasa la saba, anayemsaidia mama huyo kuanika.

"Nawa, twende. Leo ni marudio tu, hujapitwa na kitu."

Ukimwona hivi utasema ni mpole kuliko wote Kigoma. Sasa mtajie Mwalimu Aikande.

"Huyo?" anasema, akibana midomo. "Namwonea wivu. Andika hivyo hivyo, usipambe."

Domitila, mwenye miaka 47, anafundisha Hisabati katika shule ya msingi ya serikali huku Buzebazeba. Aikande anafundisha somo hilohilo shule ya jirani. Alipofika kutoka Kilimanjaro, mbichi kutoka chuoni, Domitila ndiye aliyempokea na kumpa chumba kwake.

"Hata mgebuka alikuwa hajui unaliwaje. Nimemtolea miiba mimi!"

Shule za hapa hufanya mtihani wa pamoja wanaouita wa ujirani mwema, walimu wakibadilishana karatasi za kusahihisha. Mwaka jana darasa la Domitila lilipata wastani wa alama 16 kati ya 50. La Aikande lilipata 31.

Mbele ya wazazi, Aikande akapewa mbuzi. Shule ya mwisho hupewa kinyago cha mti kikae ofisini hadi mtihani unaofuata, na aliyeitwa kukipokea ni Domitila.

"Nimezaliwa Ujiji, kila mtu ananijua. Nikakibeba njia nzima, watu wananipa pole kama nimefiwa. Na yule mbuzi analia nyuma yangu!"

Mwalimu mkuu, Gervasi, hakuficha. Alimwambia kinyago kikirudi tena kwao, darasa la saba atapewa mwalimu mwingine.

Domitila akaamini jirani anaiba mitihani. Akaenda kumchunguza, akisingizia kuazima bikari ya ubaoni. Akakuta darasa limejaa, Aikande anaanza mada ya sehemu, ngumu kuliko zote. Wiki mbili baadaye akairudisha. Nusu ya madawati yalikuwa matupu, na Aikande alikuwa anarudia ya zamani tu, bila haraka.

Hapo akaelewa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi haitoki, na watoto wanakuja shule. Giza likirudi, dagaa wanajaa mwaloni na watoto wanashinda huko. Aikande alikuwa anafundisha mada mpya wakati wa mbalamwezi, na marudio wakati wa giza. Domitila alikuwa akifuata ratiba ya ukutani, na watoro akiwachapa.

"Baba yangu, mzee Anatoli, alivua dagaa maisha yake yote," anasema. "Halafu mtu wa mlimani ndiye anaona! Niliumia, ndugu mwandishi. Niliumia kabisa."

Akamuuliza Aikande jambo hilo alilijulia wapi. Jibu lilimmaliza.

"Dada Domi, si wewe uliniambia? Nilipokuwa nakaa kwako. Ulisema mbalamwezi ndiyo ulikuwa unamwona baba nyumbani."

Domitila hakushukuru. Alirudi kwake akapanga masomo upya, na asubuhi za giza akaanza kuwafuata watoto mwaloni kabla ya kengele.

Mtihani wa ujirani mwema wa mwaka huu, darasa lake limepata wastani wa 27. Kinyago kimehamia kwingine. Aikande, aliyepata 33, alikuja kumpongeza na mkungu wa ndizi.

"Alama sita!" Domitila anasema, akimshika Recho mkono kuvuka barabara. "Na zile ndizi nilizila nimejifungia. Tamu, ndiyo maana zilinikera."

Sasa anauwaza mtihani wa taifa wa Septemba. Ameshaangalia: mwaka huu unaangukia giza, dagaa wakiwa wengi na watoto wakihitajika mwaloni tangu usiku. Jumapili iliyopita alikaa mchangani na kina mama, akawaomba siku hizo wawaache watoto walale. Aikande hakuwepo. Kina mama hao hawamsikilizi sana mgeni, lakini binti wa mzee Anatoli wanamsikiliza.

Wamekubali. Ila wengi wao watoto wao wanasoma kwa Aikande, nami namuuliza kama aliwaombea na hao.

Anasimama getini, anavaa viatu vyake polepole, anakung'uta mchanga.

"Niliwaombea wote," anasema. "Septemba nataka nimpite, tena mchana kweupe. Lakini nimpite watoto wake wakiwa wamelala vizuri. Vinginevyo nitakuwa nimemshinda nani?"

Kisha ananikazia macho. "Hilo usimwambie."