Mama Alibisha Hodi Kwenye Friza

Sijawahi kukichukia kitu kisicho na uhai kama nilivyoichukia friza ya mama. Ilikuwa nyeupe, ndefu, ya kulala chini, yenye mfuniko wa kuinua, na ilikaa sebuleni kwetu Kikula, mjini Likasi, Kongo, kwa sababu haikuweza kupita mlango wa chumba kingine chochote. Baba aliinunua kwa bei ya kutupa kwa mzungu mmoja wa kiwandani, wakati wazungu walipokuwa wakiondoka mbiombio baada ya wanajeshi kupora miji. Siku zile baba bado alikuwa na mshahara. Baadaye mshahara ukaanza kuchelewa, kisha ukawa hadithi tu, na friza ndiyo ikabaki kuwa mwajiri wetu sote.

Mama alipika munkoyo. Ni uji wa mahindi unaopoa kidogo, kisha unatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na ikifika asubuhi uji umelegea na kuwa kinywaji kitamu. Wanawake wengi wa Likasi walijua kuutengeneza. Lakini munkoyo wa vuguvugu ukichotwa ndooni ni kitu kimoja, na munkoyo wa baridi kali ndani ya chupa, saa sita mchana, ni kitu kingine kabisa. Watu walivuka mitaa kuja kwetu.

Mdogo wangu wa mwisho alikufa kwa surua mwezi wa kumi, katika joto lile linalotangulia mvua. Baba hakuwapo. Alikuwa amekwenda vijijini, mbele ya Kakanda, kwa baiskeli, kubadilisha chumvi na nguo zetu kuukuu kwa mahindi. Hakukuwa na simu ya kumfikia. Chumba cha maiti cha mjini kilikuwa na meza za saruji, lakini baridi yake ilikuwa imekwisha zamani. Bibi, mama yake baba, akasema mtoto azikwe siku ileile. Mama akasema hatazikwa kabla baba yake hajamwona uso.

Alitoa chupa zote, akazipanga sakafuni. Akatandika kitenge chake kizuri, akamlaza mtoto ndani, akashusha mfuniko.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba tulikatazwa kulia. Tukilia, majirani wataingia, na wakiingia watauliza mtoto yuko wapi. Kwa hiyo tulikaa sebuleni siku mbili, bibi, mama, mimi na kaka yangu, midomo tumeifunga, tukisikiliza injini. Wateja walipofika mlangoni mama aliwaambia umeme ni mbaya, hakuna munkoyo. Aliwaambia kwa sauti ya kawaida. Sauti ile naisikia hadi leo, na bado inanitia hofu kuliko kilio chochote nilichowahi kukisikia.

Baba alirudi na magunia yake, akamwona mtoto wake, na hapo ndipo tuliporuhusiwa kupiga mayowe. Mtaa mzima ukaja. Wote walijua mtoto amekufa siku hiyo, na sisi tukawaacha wajue hivyo.

Mama aliumwaga munkoyo wote. Akaiosha friza kwa majivu na maji ya moto mpaka ngozi ya vidole ikambabuka, na kwa muda mrefu haikuwashwa. Kisha njaa ikaingia nyumbani, na njaa haina adabu. Ikawashwa. Tungemwambia nani? Kwetu, miaka ile, mtoto akifa na biashara ya mama yake ikachangamka, watu wanakupa pole mara ya kwanza, na mara ya pili wanaulizana kama hukumtoa kafara huyo mtoto ili upate fedha. Kila mtaa ulikuwa na chumba cha maombi, na kila chumba cha maombi kilikuwa kinatafuta mchawi. Na biashara yetu ilichangamka kweli. Nilitamani idode.

Mimi nililala sebuleni, mkeka wangu kando ya friza. Injini ilipoanza ilikuwa na mkoromo mdogo, kama mtoto mwenye kifua kibaya. Ilipozima nilibana pumzi nikingoja ianze tena. Mchana nilikuwa msichana wa sekondari, mjuaji, mwenye Kifaransa cha kujisikia. Jua likizama nilikuwa mtu anayelala na mdogo wake.

Mama alikuwa na tabia moja. Kabla ya kuinua mfuniko aligonga kwanza kwa kifundo cha kidole, taratibu, mara mbili. Alifanya hivyo kila alipoenda kutoa chupa, hata akiwa anaongea na mteja, hata akiwa anacheka. Nadhani mwenyewe alikuwa hajijui tena. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumezoea kiasi kwamba hatukusikia.

Nikiwa mwaka wa mwisho wa shule, televisheni moja ya Lubumbashi ilianzisha kipindi ambacho kila mtu alikizungumzia. Familia zenye biashara ndogo zilisimama mbele ya matajiri watatu, zikaeleza zinachouza, na matajiri wakasema kama watatia fedha zao au la. Watu walisema wanapenda kujifunza biashara. Uongo mtupu. Walipenda kuona nani atalia. Ilipotangazwa kwamba kipindi kinakuja Likasi, nilikuwa wa kwanza kutuandikisha. Kwa wazazi nilisema tutapata friza kubwa, tutauza hadi kwa wachimbaji wa Kamatanda, ada yangu ya mtihani wa mwisho italipwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Sikusema kwamba sebule yetu haikuweza kubeba friza mbili, na kwamba mpya ikiingia, ile lazima itoke.

Baba alikubali. Mama aliniangalia, akasema kwa Kiswahili chetu cha Likasi, "Kama weye njo utasema, sawa," yaani mimi ndiye nisimame kuongea.

Kwanza watu wa kipindi walikuja kutupiga picha nyumbani. Kijana wa kamera alimwomba mama afanye kama siku zote, aende atoe chupa. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, jasho linamtoka kwa sababu ya taa yao. Akaenda, akagonga mara mbili, akafungua, akatoa chupa. Kijana akasema vizuri sana, turudie. Akagonga tena. Ndipo niliposikia hodi ile kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Matajiri walikaa nyuma ya meza katika ukumbi wa zamani wa sinema, uliojaa watu mpaka ngazini. Mmoja aliuza vitambaa, mwingine alikuwa mama mwenye viwanda vya mikate, wa tatu mzee mnene mwenye maghala ya samaki wa barafu. Kwanza ilionyeshwa ile picha ya nyumbani, kisha nikasimama. Niseme ukweli, niliongea vizuri. Nilieleza mizizi inatoka wapi, kwa nini munkoyo wetu hauchachi haraka, kwa nini wafanyakazi wanaupenda kuliko bia. Wakaonja. Mzee wa samaki alimaliza chupa nzima na kuomba nyingine, na ukumbi ukapiga makofi. Nilimwona baba amenyoosha mgongo kama zamani alipokuwa akitoka kazini.

Mama wa mikate akainama mbele, anatabasamu.

"Mama, niulize kintu kimoja. Nimeona ku film, mbele ya kufungua frigo, unapiga hodi. Iko na muntu mule?"

Ukumbi ulicheka. Mama naye akajaribu kucheka.

"Apana, maman. Njo vile nilizoea."

"Na kama bakisema karibu?" akauliza yule wa vitambaa, na watu wakacheka zaidi.

Mzee wa samaki akanyanyua mkono. "Muache mama. Sikia, binti. Hii munkoyo iko muzuri sana. Minye nitabapatia congélateur ya mupya, kubwa, mara mbili ya ile. Mutanirudishia pole pole. Ile ya zamani kamyo yangu itaibeba, nitaweka samaki mule. Ça va?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme merci.

"Apana, papa," mama akasema.

"Apana nini?"

"Ile haitatoka mu nyumba."

"Lakini mama, nakupatia mupya! Ya zamani utaifanya nini?"

"Mule samaki haitaingia."

Alisema kwa sauti ileile ya siku mbili zile, ya kuwaambia wateja umeme ni mbaya. Baba aliinamisha kichwa. Kamera ikasogea mpaka ikakaribia pua ya mama. Mzee akamuuliza juu ya nini, kwa sababu gani, akamuuliza tena kwa upole, na mama akabaki akimtazama, macho makavu, mikono juu ya mapaja. Mwishowe mzee akafunga kalamu yake. "Basi, mama. Bakia na frigo yako."

Tulipoingia nyumbani hasira zilinipanda, nikamtolea mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake.

"Alikufa, mama! Iko ku makaburi! Haiko mule!"

"Najua kwenye iko," akasema. "Nilimuvalisha minye mwenyewe."

"Basi juu ya nini?"

Akachukua ndoo, akaenda nje kuosha chupa.

Kipindi kilionyeshwa jioni moja ya Jumamosi. Kwa kawaida umeme wa Kikula ulikatika jambo lolote lilipokuwa tamu, lakini siku hiyo uligoma kukatika. Tulikwenda kutazama kwa jirani, watu wamebanana hadi dirishani. Watengenezaji walikuwa wamechukua kile kipande cha mama anagonga wakakirudia rudia, na kukiwekea muziki wa kuchekesha. Kisha uso wa mama ukajaa kioo kizima. "Mule samaki haitaingia." Watu wakaanza kunong'onezana juu ya yule mtoto wetu aliyekufa. Hakuna aliyetuambia kwa heri vizuri tulipotoka.

Kufikia wiki iliyofuata watoto wa mtaani walikuwa wanagonga geti letu mara mbili na kukimbia. Wateja wakapungua, kisha wakakoma. Sokoni wanawake waliosuka nywele pamoja na mama waligeukia upande mwingine. Kikaja kikundi cha chumba cha maombi, na mafuta yao na vitabu vyao, wakataka kuona. Mama akainua mfuniko wakachungulia: chupa, barafu, basi. Niliona wazi kwamba wamesikitika kukosa walichokifuata. Waliomba kwa kelele na wakatoka wakisema kilichomo hakionekani kwa macho ya nyama.

Ada haikupatikana. Wenzangu waliingia kwenye mtihani wa mwisho, mimi nikakaa nyumbani nikiosha chupa zisizonunuliwa na mtu. Baba akarudi kwenye baiskeli yake. Nilimchukia mama kwa uwazi kabisa. Nilimjibu kwa neno moja moja, nilimwekea sahani bila kumtazama, na yeye hakunigombeza hata mara moja, jambo lililoniudhi zaidi.

Mchana mmoja wa jua kali, mwanamke nisiyemjua alisimama mlangoni. Alikuwa mdogo, pengine ananizidi mimi kidogo tu, miguu imejaa vumbi jekundu, mgongoni amebeba mtoto aliyefunikwa kitenge mpaka kichwani. Nilifurahi. Nilidhani hatimaye mteja. Nikauliza anataka chupa ngapi.

Hakunijibu. Alimtazama mama aliyekuwa nyuma yangu.

"Mama, ni weye wa ku télé?"

"Njo minye."

"Bantu banasema frigo yako inapokeaka batoto."

Nilitaka kumfungia mlango usoni. Mama alikuwa anaangalia jinsi kichwa cha yule mtoto kilivyolala chini ya kitenge, na nadhani alikuwa ameelewa kabla ya mimi.

"Wangu alikufa asubui," yule mwanamke akasema. "Baba yake iko ku mashimo ya madini, haiko tena kule Kamatanda, alienda mbali. Balienda kumuita. Atafika kesho. Bakubwa banasema tuzike leo, juu ya joto. Nimetoka naye kwa kuiba, mama. Minataka baba yake amuone."

"Mama, apana," nilisema. Nilisema kwa Kifaransa pia, ili yule mwanamke asielewe, ingawa hakuna Kifaransa kinachofunika maneno ya namna hiyo. Nilisema tukionwa tumekwisha, watatuchomea nyumba. Na nilikuwa sahihi. Dirisha la jirani lilikuwa wazi, na mtu alikuwa dirishani.

"Toa chupa," mama akaniambia.

Nilizitoa. Nilizipanga sakafuni kwa haraka mpaka zikagongana. Mama akaingia chumbani, akarudi na kitenge, akakitandika, akakinyoosha pembe zote. Wakamfungua mtoto mgongoni wote wawili. Alikuwa wa kiume, amevaa soksi moja. Wakamlaza, na mama akamgeuza kichwa kidogo ili shavu lisiguse barafu.

Akashika mfuniko, lakini hakuushusha.

"Anaogopaka giza?" akamuuliza.

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa, akasema: "Sana."

"Wangu vilevile," mama akasema. "Na minye nilifunga tu."

Akanituma tochi ya baba, ile tuliyoificha kabatini kwa sababu mawe yake ya betri yalikuwa ghali. Akaiwasha, akaijaribu kwenye kiganja chake, akaiweka karibu na mkono wa mtoto, mwanga ukielekea juu. Ndipo akashusha mfuniko, pole pole, na sote watatu tukaketi sakafuni kumngoja baba yake.