Kafunga, na Ramadhani Bado

Nyie mnaocheka mtoto akijichafulia nguo, nisikilizeni kwanza. Mie nilikuwa mtoto huyo.

Tulikaa kijijini Ole, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Baba akilima muhogo na kuchuma karafuu za watu. Mama yangu, Bi Time, alikuwa mwembamba, mwingi wa maneno. Nami nilikuwa mchangamfu, na chuoni kwa maalim wa Kurani niliwapita wenzangu wote kusoma. Mama akiniambia, "Siku ukihitimu msahafu, Mize, n'takukalisha mbele yangu unisomee mie peke yangu." Hakuwa na tamaa nyengine kwangu.

Ugonjwa ulianza na choo kigumu. Siku moja kilinichana, damu ikatoka. Wallahi maumivu yale nayakumbuka mpaka leo. Basi toka hapo haja ikija naibana. Nakaza miguu, nasimama kwa ncha za vidole, jasho linanitoka, mpaka ipite. Mtu akiniona hudhani nacheza. Kumbe kinachobaki ndani kinazidi kuwa kigumu, nami nazidi kukiogopa.

Halafu nikaanza kuvuja. Choo chepesi kinanitoka bila ya mie kujua, nguo inachafuka, nanuka. Tumbo limejaa, chakula sikitaki. Mama akasema, "Mtoto anaharisha." Nani angembishia, na nguo zinaonekana? Ikatafutwa dawa ya kufunga tumbo. Yakachemshwa maganda ya komamanga, yakaja majani ya mpera, ikaja ndizi mbichi asubuhi na jioni. Hata maji nikapunguziwa, eti yanazidisha. Jamani!

Chuoni wasichana wakawa wanasogea mbali nami mkekani. Wakanipa na jina, Kinuka. Maalim akamwita mama, akamwambia kwa upole, "Bi Time, msahafu haushikwi bila ya tohara, na huyu nguo zina najisi. Akae nyumbani mpaka apone." Mama alinifunika kanga yake, tukarudi nyumbani. Baba akanipiga, akidhani ni uvivu wa kwenda msalani. Kila alfajiri nikimsikia mama anafua nguo zangu kabla majirani hawajaamka, huku analia, nami nalia kitandani.

Mwisho tumbo likawa gumu, nikaanza kutapika. Baba akaazima baiskeli, akanipakia mpaka hospitali ya mjini Chake, mama akaja nyuma kwa miguu. Alipofika, dakitari alikuwa ananibonyeza tumbo. Akabonyeza tena, kisha akasema, "Huyu kafunga."

Mama akashangaa. "Kafunga nini, bwana dakta, na Ramadhani bado? Mtoto mdogo huyu?"

"Kafunga choo, Bi. Lete mkono wako." Akauchukua mkono wa mama, akauweka tumboni kwangu, chini upande wa kushoto. "Unayasikia madonge haya? Ni choo kilichokwama. Hicho kinachovuja ni maji yanayopenya pembeni yake. Huyu haharishi hata kidogo."

Mama alikaa sakafuni pale pale. "Na mie nikampa dawa ya kufunga," alisema. "Mtoto kafunga, nami nikamfunga tena. Masikini mwanangu!"

Dakitari hakumgombeza. Nililazwa. Wakanitia maji kwa mpira kwa nyuma, nikapiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. Yaliyotoka siyaelezi, msije mkashindwa kula. Kisha nikapewa dawa ya mafuta ya kunywa kila siku. Dakitari akatuonya, "Akianza kwenda vizuri msiiache dawa mpaka niwaambie. Utumbo umetanuka, unataka miezi kurudi ulivyokuwa. Kila akishakula achuchumae chooni kwa utulivu, msimharakishe. Anywe maji. Na fimbo hapana."

Baba aliinama. Tangu siku ile nguo zangu akawa anazifua yeye, na kazi ilikuwepo, maana nilijichafua tena na tena kabla ya kupona. Papai, mchicha, maji, dawa. Taratibu woga ukanitoka. Nikarudi chuoni. Mama akawa ananiuliza kila jioni, "Umebakisha juzuu ngapi?" Alikuwa mjamzito. Nilikuwa karibu kabisa kuhitimu alipofariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake.

Namshukuru Mungu, na dakitari yule namuombea popote alipo. Nanyi wenye watoto, nguo ikichafuka msikimbilie dawa ya kufunga, wala fimbo. Mpelekeni mtoto akapapaswe tumbo na wanaojua. Ukimuona anakaza miguu na kujificha, muulize kwa upole kama anaumia. Mie hakuna aliyeniuliza, wala si kwa kukosa kupendwa.

Siku ya khitma ya mama nilikaa mkekani katikati ya wanawake, nguo yangu kaifua baba. Nikafungua msahafu, nikamsomea mama yangu juzuu nilizobakisha, mpaka mwisho. Hakuna aliyesogea.